Asali ya Wakwe

Shosho wangu, mwenye jina langu,

Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi lako. Anko Njeru amechapisha programu, ina picha yako ile ya kitambaa cha kanisa, na chini ya wimbo wa pili ameandika: "Wawira, mjukuu. Hadithi ya asali." Amenipa dakika kumi. "Hiyo hadithi watu wanaipenda," akaniambia. "Usiikatekate."

Unaijua. Ni ile ya mjukuu aliyesomea dawa, akamwokoa nyanyake kwa simu, yeye akiwa Makutano ya Meru na nyanya akiwa amelala sakafuni kule Mbeere. Mchungaji aliisimulia siku niliyofungua kemisti yangu hapa Siakago. Ilisimuliwa kwenye harusi ya Nyaga, mwana wa Anko, watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nimeisimulia mara nyingi hadi najua wapi watacheka na wapi watasema "Ngai!" Lakini tangu nione hiyo programu, Shosho, siwezi kuisimulia tena hivyo. Hadithi yenyewe huanzia katikati. Mwanzo wake tuliujua sisi wawili tu, au hivyo ndivyo nilivyodhani hadi juzi.

Wacha leo nianzie mwanzo.

Unakumbuka ulivyoambiwa una presha, na kabla hatujazoea hiyo, ukaambiwa na sukari pia? Kwenu kule chini hakukuwa na kemisti. Kulikuwa na zahanati yenye muuguzi mmoja mwenye roho nzuri na kabati tupu, akikwambia, "Shosho, rudi wiki ijayo," na wiki ijayo anakwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo nikajitwika mimi. Kila mwisho wa mwezi nilinunua dawa zako pale nilipokuwa nimeajiriwa, duka la dawa la Makutano, nikazifunga, nikazipakia kwenye matatu hadi Siakago, na mtu wa bodaboda akakuletea hadi mlangoni. Ulikuwa ukisema dawa zako zimeona dunia kukushinda wewe.

Mara ya kwanza nilizileta mwenyewe, nimeandika kwenye bahasha kwa herufi kubwa: ZA PRESHA, MBILI. ZA SUKARI, MOJA. Ukaigeuza ile bahasha, ukaniuliza, "Hii ni ya kusomwa na nani? Na mbuzi?" Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimekaa chuoni miaka mitatu nikifunzwa kuandika kwenye bahasha, na nyanya yangu hajui kusoma.

Wewe hukungoja nipate jibu. Ulichukua leso yako kuukuu, ukakata vipande viwili. Kimoja ukakifunga fundo moja pembeni, kingine mafundo mawili. Vidonge vya pinki, vya sukari, vikaingia kwenye fundo moja: meza kimoja. Vyeupe, vya presha, vikaingia kwenye mafundo mawili: meza viwili. Asubuhi, baada ya uji, kabla ya kuwafungulia mbuzi. Miaka na miaka hukukosea hata siku moja. Najua kwa sababu nilikuwa nikihesabu vilivyobaki kila nikija, kwa siri, nikidhani huoni. Uliona. "Hesabu tu, daktari," ulikuwa ukiniambia. "Ukimaliza kuhesabu njoo tuchambue ndengu."

Akina mama wenzako wa kanisa wakaja kujifunza. Ilikuwa ukiingia Jumapili unaona leso zimekatwa pembe, na mabinti zao wanalalamika. Walikuita Mama wa Vitambaa, na wewe ulijifanya hulipendi hilo jina.

Sasa nafika pale ambapo hadithi yangu huwa haifiki.

Mwezi ule dawa ulizozoea ziliadimika. Stoo walikuwa na za kampuni nyingine, dawa ileile, nguvu ileile, ila rangi zilikuwa zimepishana. Za sukari zilikuwa nyeupe. Za presha ndizo zilikuwa pinki. Hata ukubwa ulikaribiana. Niliziona, Shosho. Usidhani sikuziona. Nilizishika mkononi hivi, nikajiambia, huyu lazima nimpigie jioni nimweleze. Jioni ikaja na mambo yake, nikasahau.

Kesho yake, kifurushi kimekufikia, wewe ndiye uliyepiga. Nikakata, nina wateja. Ukapiga tena, nikakata. Mara ya tatu nikapokea, foleni imefika mlangoni, lori linapiga honi nje, mwajiri wangu ananitazama.

"Wawira, kuuliza si ujinga," ukaanza, kama ulivyoanza kila swali. "Hizi dawa zimegeuka. Zile za—"

"Shosho, dawa ni zilezile. Meza tu kama kawaida."

"Kama kawaida?"

"Kama kawaida, Shosho! Nina watu hapa."

Halafu ukasema, "Haya, mama. Mungu abariki kazi yako."

Hiyo baraka bado naisikia hadi leo. Ulikuwa umeuliza swali ambalo hata mwenye diploma hakujiuliza kwa wakati, na nikakujibu kama ninayefukuza kuku.

Ukameza kama kawaida. Vyeupe viwili, pinki kimoja. Maana yake ni kwamba ulimeza dawa ya sukari mara mbili, siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Na ya tatu ilikuwa siku ya kuvuna ndengu, ukatoka na kikombe cha uji tu tumboni ukashinda juani.

Saa nane mchana simu ikalia. Anti Rwamba, mkewe Anko. "Wawira, mama ameanguka jikoni. Anatoka jasho kama aliyemwagiwa maji. Anatetemeka. Ananiita kwa jina la dadake aliyekufa."

Nilijua hapohapo. "Anameza? Anakuangalia?"

"Anameza mate. Anaangalia."

"Mpe sukari! Sasa hivi!"

"Mpe nini?"

"Sukari! Koroga kwenye maji, mpe anywe!"

Watu wote dukani walinigeukia. Na upande ule nikasikia Anti akisema, polepole, kama anayeongea na mwendawazimu, "Wawira, mama ni mgonjwa wa sukari. Sukari ndiyo inamuua, na wewe unasema nimuongeze?"

Nitamlaumu vipi? Ni sisi tuliomfundisha. Ni mimi niliyekuja nyumbani siku ile umepimwa nikahubiri hadi Anko akabeba kopo la sukari akalimwaga nje ya boma na kuapa kwamba haitaingia tena kwa mama yake. Hata chai za wageni zilikuwa chungu kwako. Duka la karibu lilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa mguu, na bodaboda zote zilikuwa sokoni.

"Anti, niamini. Imeshuka mno. Ikishuka inaua haraka kuliko ikipanda. Tafuta kitu chochote kitamu."

"Hapa hakuna kitu kitamu. Njeru alitoa vyote."

Halafu sote wawili tukafikiria kitu kimoja. Chumbani kwako, chini ya kitanda, kulikuwa na debe la asali. Asali ya wakwe. Anko alikuwa ameirina kwenye mizinga yake mwenyewe, wazee wakaitemea mate ya baraka, mdomo wake ukazibwa kwa nta, ingojee Jumamosi wampeleke Nyaga kwa kina msichana wake. Asali ya mahari kwetu haifunguliwi kabla haijafika. Mtoto akiigusa anachapwa. Ikifunguliwa nyumbani, ni kama umewaambia wakwe umewaletea makombo.

"Fungua ile asali, Anti."

Nikasikia sauti ya Anko ikiingia, ametoka shambani. "Afungue nini?" Akachukua simu. "Wawira, umelewa? Unataka kumpa mama yangu asali? Na asali ya watu?"

"Anko, anakufa."

"Nitapata gari nimpeleke hospitali."

"Gari ikifika atakuwa amezimia, na akizimia hamtaweza kumpa kitu mdomoni. Anko, nakusihi. Ni mimi ninayesema. Nimesomea hii kitu!"

Na simu ikakatika.

Huwa nasimulia hapo kwa mbwembwe, navuta pumzi, watu wanaketi ukingoni mwa viti. Ukweli ni kwamba nilikaa chini kwenye sakafu ya duka la watu, nyuma ya kaunta, nikaanza kusema "Baba yetu" na nikasahau inakoendelea. Nilipiga mara nane. Mtandao haukuwepo. Mteja mmoja aliniletea maji.

Walinieleza baadaye. Anko alisimama mlangoni mwa chumba chako akasema hapiti mtu. Anti Rwamba, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumjibu mumewe mbele ya watu, akamwambia, "Basi nipige nikiwa napita." Akapita. Akavunja ile nta kwa mwiko wa ugali. Akakuketisha, akakulambisha kijiko kimoja, akangoja umeze, cha pili, cha tatu. Ukachukua muda. Halafu ukamtazama, ukasema, "Rwamba, mbona unanipaka asali kidevuni kama mtoto?"

Gari likapatikana, ukafikishwa hospitalini, wakakuwekea maji ya mshipa na kukaa nawe siku mbili, maana dawa ile haitoki mwilini upesi. Nikaja mbio. Nilikukuta umekaa kitandani unalalamika kuhusu uji wao.

Hapo ndipo hadithi huishia, na watu hupiga makofi.

Lakini jioni ile uliporudi nyumbani tuliitwa sote sebuleni kwa Anko. Mahari ilikuwa imeahirishwa, wakwe walikuwa wamekasirika, na Anko alitaka kujua ni nani aliyesababisha. Alikuuliza mbele yetu, "Mama, ulimezaje dawa vibaya?"

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka, nakuapia. Ukaniwahi.

"Ni macho yangu," ukasema. "Nilichanganya rangi."

"Na hukumpigia Wawira ukamuuliza?"

Wewe, Shosho, ambaye ukiwa na mafua ulikuwa hukubali kusema "niko mzima" kwa sababu ni uongo. Wewe uliangalia mikono yako, ukasema, "Sikumuuliza."

Nikafunga mdomo. Hayo ndiyo niliyofanya. Niliufunga, na ukabaki umefungwa.

Anko akachukua vile vitambaa vyako viwili, akachukua na dawa, akavifungia kwenye kabati lake na ufunguo akautia mfukoni. Kuanzia kesho yake ikawa unavuka uwanja kila asubuhi, unasimama mlangoni kwa mwanao, unanyoosha kiganja. Anko anahesabu, anakuwekea, anangoja aone umemeza. "Fungua mdomo, mama." Nilikuwepo asubuhi moja nikaona. Ulifungua. Uliponiona nakutazama ukanikonyeza, ili nisihuzunike, na mimi nikacheka. Ee Mungu, nilicheka.

Akina mama wa kanisa wakaacha vitambaa vyao. Walisema, hata Mama wa Vitambaa mwenyewe vilimshinda. Wengine wakaacha na dawa. Watu wakaanza kukuongelea wewe ukiwa umeketi hapohapo. "Huyu siku hizi husahau." Nyaga alioa, asali nyingine ikapatikana, na mimi nikapata leseni yangu, nikarudi kufungua kemisti Siakago, ili watu wa kule chini wasingoje vifurushi kutoka Meru. Kila mtu alisema ni wewe uliyenifundisha moyo wa kusaidia. Ulikuja siku ya kufungua ukakaa kiti cha mbele. Mchungaji alipofika kwenye "Mpe asali!" ulipiga makofi kuliko wote.

Kisha ukatuacha, mwaka jana, usingizini, baada ya uji. Na nikajiambia basi, imekwisha, amekwenda nayo.

Juzi akaja mama mzee dukani kwangu. Ametoka mbali, viatu vimejaa vumbi. Akamwaga vidonge vyake juu ya kaunta, akavitenga kwa kidole. "Daktari, hivi vilikuwa vya manjano. Mbona leo ni vyeupe?" Nyuma yake kulikuwa na watu sita, mmoja na mtoto analia. Na Shosho, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni zilezile, mama, meza tu kama ka—"

Sikumalizia. Nikamwomba aketi, nikafunga dirisha la kuhudumia, nikamweleza kidonge kimoja kimoja hadi aliponirudishia yeye maelezo yote kwa mdomo wake. Wale sita walinung'unika sana.

Sikuwa nimeona kwamba Anti Rwamba amekaa kwenye benchi. Alikuwa amekuja kuniuliza habari ya viti vya Jumamosi. Yule mama alipoondoka, Anti akaniangalia, akasema, "Siku ile pia alikuuliza, siyo?"

Nilianza kupanga upya pakiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nilikuwa nyuma ya jiko napepeta ndengu," akasema. "Alikuwa ameweka simu sauti ya nje, si unajua masikio yake. Nilisikia yote."

"Miaka yote hii, Anti? Mbona hukusema?"

"Alinikataza. Kule hospitalini, Njeru akiwa bado nje. Alinishika mkono, akaniambia, 'Rwamba, huyu msichana atarudi kutufungulia duka la dawa. Watu wakisikia alimkosea nyanyake mwenyewe, nani atampelekea mtoto mgonjwa? Mimi ni mzee. Mzee akiitwa msahaulifu, amepoteza nini?'"

Nimelala na hilo swali tangu juzi, na wacha nikwambie, nakukasirikia. Ndiyo, nakukasirikia, hata kama uko huko uliko. Ulinilipia bila kuniuliza kama nitaweza kubeba hiyo risiti maishani. Na safari hii umeuliza, nitakujibu, na sitakujibu nikiwa na haraka.

Amepoteza nini? Alipoteza vitambaa vyake. Alipoteza kumeza dawa zake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya kuwafungulia mbuzi. Alipoteza kuaminiwa na mwanawe. Alisimama mlangoni kwa Njeru mdomo wazi kila asubuhi, mvua na jua, mwenye akili timamu kuliko sote pale bomani. Alipoteza jina alilokuwa akijifanya halipendi. Na akina mama waliokuwa wakimfuata walipoteza njia iliyokuwa ikiwafaa, wala mimi na herufi zangu kubwa sijawapa nyingine. Hayo ndiyo umepoteza, Shosho. Si kidogo.

Naogopa. Sitajifanya shujaa, nimeshachoka na ushujaa. Nikisema Jumamosi, huenda Jumatatu kaunta yangu iwe tupu, na yule mama wa vumbi akose pa kuuliza, aanze tena kungoja "rudi wiki ijayo." Ulichokilinda ni kitu cha kweli. Nimepima pande zote mbili hadi kichwa kinaniuma. Lakini mwenye kemisti ambaye watu wanamwendea kwa sababu ya uongo wa nyanyake, siku akikosea tena, atafanya nini? Atatafuta mzee mwingine wa kumsingizia macho.

Jana nilienda kwa Anko kuomba vitambaa vyako. Alinitolea kwenye lile kabati bila kuuliza. Vilikuwa bado vimekunjwa, fundo moja, mafundo mawili. Kwenye kile cha mawili kilikuwa kimebaki kidonge kimoja cheupe, kimepasuka. Viko hapa mezani ninapokuandikia.

Jumamosi, baada ya wimbo wa pili, nitasimama na hii barua. Wataanza kutabasamu, wakijua asali inakuja. Nitaviinua hivi vitambaa wavione wote, akina mama wako wa kanisa wakiwa mbele, na Anko na programu yake, kisha nitasema: Shosho wangu hakukosea rangi. Aliziona, na aliuliza. Ni mimi niliyemjibu.

Pumzika, mama. Mbuzi wameshafunguliwa.

Mjukuu wako uliyemfichia,
Wawira mdogo